Bi Majaribio na Milango ya Lifti

Alipotimiza miaka thelathini na minne alikuwa ameshavaa sare za kazi tisa, na hakuna hata moja iliyowahi kuchakaa mwilini mwake. Zote alizirudisha zikiwa bado na mkunjo wa kiwandani. Mjomba wake, ambaye alikalia kiti kimoja cha ofisi ya ardhi kwa miaka thelathini na mmoja mpaka kiti kikachukua umbo la makalio yake, ndiye aliyempachika jina la Bi Majaribio, kwa sababu kila alipoulizwa habari za kazi alijibu kwamba bado yuko kwenye kipindi cha majaribio. Jina likashika. Hata mwenye duka la pembeni akawa anamsalimu hivyo, bila nia mbaya, kama vile ndilo lililoandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa.

Jina lenyewe halikumuudhi. Aliyemuudhi ni mjomba.

"Mtu amegonga mihuri miaka thelathini na mmoja," alizoea kumwambia mama yake, "halafu anatembea kifua mbele kana kwamba barabara hizi amezichimba yeye."

"Usimseme kaka yangu," mama angemkanya, huku akigeuza uso pembeni asionekane anacheka. Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni, sasa amestaafu, na kicheko chake alikuwa amejifunza kukificha mbele ya masufuria.

Waliishi watatu katika nyumba ya vyumba viwili na kibaraza: mama, Bi Majaribio, na binti yake wa miaka tisa. Baba wa mtoto alikuwa amehamia kwenye maisha mengine, na hapo nyumbani hakuna aliyemtaja kwa wema wala kwa ubaya.

Sasa, hizo kazi. Alianzia mapokezi kwa daktari wa meno. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu walioshika mashavu kwamba daktari yuko njiani, ilhali ukutani nyuma yake alimsikia daktari huyohuyo akishangilia mpira kwenye televisheni. Akatoka huko akasimamishwa kwenye duka kubwa karibu na majokofu, kavalishwa aproni, kashikishwa sinia la vipande vya jibini, akisema "karibu uonje" kuanzia saa tatu hadi saa kumi na moja. Kulikuwa na mzee mmoja aliyezunguka rafu mara sita, kila mara akirudi na uso mpya wa mtu ambaye hajawahi kuonja jibini maishani. Kisha bima. Aligonga milango ya maofisi kuwakumbusha watu kwamba watakufa, na watu wakawaficha wenzao chini ya meza. Kisha kituo cha huduma kwa wateja, ambako alifungwa vifaa masikioni na kuagizwa kila akisikia malalamiko aseme, "Nimekuelewa kabisa, mteja wetu mpendwa." Siku moja, ilikuwa Alhamisi, alimwambia mteja mmoja aliyekuwa akifoka kuhusu salio lake, "Sijakuelewa, na nina wasiwasi hata wewe hujielewi." Hakusubiri kuitwa ofisini. Alivua vile vifaa, akachukua mkoba wake, akaenda kununua machungwa.

Mabosi wote hao aliwadharau, na kwa haki. Aliwajua kwa namna wanavyosukuma mlango. Aliwajua kwa zile hotuba zao za Jumatatu, na zaidi ya yote aliwajua kwa neno moja: familia. Bosi akishaanza kusema "sisi hapa ni familia," basi jua mwezi hauishi kabla mtu hajatupiwa virago nje.

Lakini tusimpake mafuta. Kati ya kazi hizo tisa, alizofukuzwa ni mbili tu. Nyingine zote aliziacha mwenyewe, na aliziacha kwa mtindo uleule: likitokea kosa lake la kwanza, akikaripiwa mara ya kwanza mbele ya wenzake, kesho yake haonekani. Alikuwa na pua ya kunusa aibu ikiwa bado mbali, na akishainusa alisonya, akasema kazi yenyewe ya kipuuzi, akaondoka kabla haijamfikia. Na kazi kweli zilikuwa za kipuuzi. Hilo ndilo lililomfanya asijichunguze.

Jioni moja mtoto alikaa mezani na fomu ya shule. Alikuwa ameshajaza jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya nyumba, kwa mwandiko wake wa kubanana, kwa kalamu ya wino. Alipofika kwenye mstari wa kazi ya mzazi, akasita.

"Mama," akauliza, "hapa niandike kwa penseli?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa mtoto nadhifu, hapendi kukatakata maandishi. Bi Majaribio alimwambia ndiyo, andika kwa penseli, kisha akaenda uani akaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Kazi ya kumi ilikuwa ya miezi mitatu, kushika nafasi ya mwanamke aliyekwenda likizo ya uzazi. Kampuni ilihudumia lifti za majengo ya mjini. Ofisi yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la matairi, kinanuka mpira mpya na chai iliyochacha. Kulikuwa na meza, simu mbili, daftari kubwa la kuandikia matukio, na kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuna aliyejisumbua kuitoa kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri. Kazi: mtu akikwama ndani ya lifti anapiga simu, yeye anaandika jina la jengo na saa, anamtuliza mtu, anatuma fundi.

Mafundi walikuwa watatu, na kazi yao kubwa ilikuwa kukaa. Mkubwa wao aliitwa Profesa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mzito, mwenye rundo la funguo kiunoni lililomtangulia kwa kelele popote alipokwenda. Jina la Profesa alilipata kwa sababu ukimuuliza lifti imeharibika nini, alikutazama kutoka utosini hadi unyayoni, kisha akasema, "Ni mambo ya kitaalamu hayo, huwezi kuelewa." Bi Majaribio alimdharau tangu asubuhi ya kwanza. Simu ikilia, Profesa alimalizia kwanza chai. Kisha alimalizia hadithi. Kisha alitafuta kofia.

Wakati huo Bi Majaribio ndiye aliyebaki na mtu kwenye simu.

Na watu hao! Kabla ya hapo hakujua jinsi binadamu alivyo mwepesi. Wakili mmoja mwenye sauti nzito, aliyeanza kwa kutaja vifungu vya sheria na kutishia kuishtaki kampuni, mtengenezaji wa lifti na mwenye jengo, alipofikisha dakika ya kumi na tatu alikuwa akimwuliza kwa sauti ndogo kama kijana wa kidato cha kwanza, "Dada, bado upo? Usikate, tafadhali." Mkurugenzi mmoja aliimba. Mama mmoja tu, muuza vitambaa, alimwambia, "Mwanangu, wasije haraka. Nimekaa chini juu ya mzigo wangu, hii ni mara ya kwanza leo nimekaa." Huyo, Bi Majaribio alimpenda.

Kati ya simu moja na nyingine hakukuwa na cha kufanya. Kwa uchovu wa kukaa, akaanza kulisoma lile daftari kurudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa. Waliomtangulia walikuwa wameandika kila kitu, tena vizuri, na ilionekana hakuna mtu aliyewahi kukisoma. Katika wiki ya tatu akachukua karatasi na kuanza kupanga. Akagundua kwamba mara nyingi, hata fundi aliporudi na maneno yake ya kitaalamu, tatizo lilikuwa mlango. Mlango haukufunga vizuri, na mlango usipofunga lifti haiendi. Basi. Injini nzima, makamba ya chuma, mashine juu ya paa, vyote vinasimama kwa sababu mlango umebakiza upana wa kucha. Akagundua tena kwamba jengo moja, la ghorofa kumi na moja, ambamo zamani alikuwa akiwauzia watu bima, lilikuwa linakwama kila Jumanne na kila Ijumaa, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kama mtu aliyekula kiapo.

Akamwonyesha Profesa karatasi.

"Wewe ni wa simu," Profesa akasema. "Shika simu."

"Mimi nimeuliza tu kwa nini Jumanne na Ijumaa."

"Lifti haijui siku, dada yangu."

Wenzake wawili wakaangua kicheko. Bi Majaribio akasonya kiasi kwamba hata mwenye duka la matairi akageuka. Kwa kawaida yake hapo ndipo angechukua mkoba. Akauchukua kweli, lakini ilikuwa Jumanne, saa mbili kasoro robo asubuhi, na asingeweza kusubiri mpaka Ijumaa ndipo ajue. Aliomba ruhusa ya kwenda kumwona daktari, akaenda moja kwa moja kwenye lile jengo.

Alimkuta msafishaji, mama wa makamo mwenye kitambaa cha kijani kichwani, akifagia ukumbi wa ghorofa ya nne. Alifagia vizuri, kwa mkono mrefu, akisogeza vumbi lote mpaka mbele ya lifti. Hapo akasimama, akatazama kushoto na kulia, na kwa mkupuo mmoja akalishindilia vumbi ndani ya ule mfereji mwembamba wa chuma ambamo mlango wa lifti unatelezea.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, binti yangu."

"Unafagia hivi kila siku?"

"Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine natoa taka na kupiga deki vyoo."

"Na hilo vumbi, mbona unalitia humo?"

Yule mama akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu asiyejua kufunga viatu. "Msimamizi wa jengo ameniambia hataki kuona vumbi. Sasa humo unaliona?"

 Bi Majaribio alipiga magoti pale pale na sketi yake ya ofisini, akaazima brashi ya kusugulia na kijiti, akaanza kuchokoa. Kutoka mfereji wa ghorofa ya nne peke yake alitoa vumbi lililosokotana na nywele, vibanio vya karatasi, maganda ya pipi, kifungo, na jino la plastiki la kitana. Msafishaji, ambaye alikuwa mtu mwepesi kuona kitu, alileta kizoleo bila kuambiwa, akasema kuanzia leo vumbi atalizoa. Walipanda ghorofa zote kumi na moja, na ilipofika saa sita Bi Majaribio alikuwa amechafuka mpaka kwenye viwiko, na hakukumbuka lini mara ya mwisho asubuhi ilikuwa imepita bila yeye kutazama saa.

Ijumaa simu ya jengo lile haikulia. Wala Jumanne. Wiki tatu zikapita.

Meneja wa kampuni, kijana wa viatu vilivyochongoka ambaye alirithi ofisi kwa baba yake pamoja na meza, alimwita. Bi Majaribio alikwenda akiwa na karatasi yake mkononi. Tumtendee haki: alikwenda akitarajia kusifiwa. Ndiyo maana alichukia zaidi baadaye.

"Nani alikutuma kwenye jengo la mteja?" meneja akauliza.

"Hakuna. Lakini tangu siku ile halijakwama hata mara moja."

"Ndilo ninalolizungumzia." Meneja akaegemea nyuma. "Mteja amenipigia. Anauliza, kama lifti yangu haikwami, nyinyi nawaitia nini? Unaona ulipotufikisha?"

 Bi Majaribio alikuwa ameona mabosi wapumbavu na mabosi wezi, ila huyu alikuwa wa kwanza kumweleza upumbavu na wizi kwa pamoja, tena kwa sauti ya kumfundisha.

"Kwa hiyo vumbi ni mfanyakazi wenu," akasema.

"Nini?"

"Nasema vumbi. Mngelivisha sare."

"Sikiliza, dada. Sisi hapa ni familia..."

Hakumsikia tena. Alijua kilichofuata.

Njiani kurudi nyumbani alingojea ule wepesi wake wa siku zote, ule wa kwenda kununua machungwa. Haukuja. Kilichokuja kilikuwa wivu. Alimwonea wivu Profesa, yule mvivu wa kofia, kwa sababu Profesa alikuwa na funguo za vyumba vya juu ya paa na yeye hajawahi kuingia hata kimoja. Kazi tisa zilizotangulia hakuwahi kutaka kujua ndani yake kuna nini. Hii ya kumi alikuwa amenyang'anywa kabla hajaona mashine. Ilimuuma kama kuporwa.

Jumapili, mjomba akiwa amekalia kiti kizuri cha kibarazani, Bi Majaribio aliwaambia wote kwamba anaingia chuo cha ufundi, kozi ya umeme na mitambo, miaka miwili.

Mjomba akaweka kikombe chini taratibu. "Ufundi. Ukimaliza utakuwa na miaka mingapi?"

"Thelathini na sita."

"Na usipomaliza?"

"Thelathini na sita pia."

Mama akageuza uso pembeni.

"Mwanamke mzima na bisibisi," mjomba akasema, akimwambia ukuta. "Umeshindwa kukaa kwenye kiti, utaweza kukaa juu ya paa?"

"Kiti umekaa wewe, mjomba. Kimekupa nini zaidi ya kiuno kibovu?"

Hapo mama akamkaripia kweli, na ikawa haki kumkaripia, kwa sababu kiuno cha mjomba kilikuwa kinamtesa. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Chuoni alikaa darasani na vijana waliozaliwa yeye akiwa anamaliza shule. Walimwita "shangazi" na kunakili majibu yake ya hesabu. Mwalimu wa umeme alikuwa mtu wa kusoma kitabu kwa sauti na kukiita somo, na Bi Majaribio alimdharau kwa moyo mweupe. Ila safari hii alifanya jambo jipya: alimdharau akiwa amekaa. Alibaki baada ya kipindi, akafungua mota mbovu zilizorundikwa stoo, akazifunga tena, akazifungua. Ada na chakula alivipata kwa kufagia. Yule mama wa kitambaa cha kijani ndiye aliyemtafutia nafasi, alfajiri hadi saa mbili, katika jengo lilelile la ghorofa kumi na moja. Sare ya kumi na moja. Ilikuwa ya rangi ya tope na ilimbana kwapani, na hiyo aliivaa mpaka ikachanika.

Ni katika sare hiyo Profesa alipomkuta, mwaka wa pili. Lifti ilikuwa imekwama, na safari hii haikuwa mlango. Profesa alisimama chini ya ngazi ya chuma inayopanda kwenye chumba cha mashine, kashika goti, anahema. Wenzake wawili walikuwa wamehama kampuni. Bi Majaribio aliweka fagio ukutani, akamtazama, na ghafla akaelewa kitu ambacho daftari halikumwambia.

"Wewe huwa hupandi," akasema. "Magoti hayo hayajapanda hapo tangu lini?"

 Profesa akasema, kwa sauti isiyo ya uprofesa hata kidogo, "Mwaka na nusu."

"Na unatengenezaje?"

"Nasikiliza kutoka hapa. Nazima, nawasha. Mara nyingi inakubali."

Angeweza kumcheka. Maneno yalikuwa yameshapangana mdomoni, makali, tayari. Badala yake akanyoosha mkono. "Lete funguo. Nipande, uniambie cha kutazama."

Alipanda. Chumba kilikuwa kidogo, cha joto, sakafu ina mafuta meusi, na katikati kumekaa mashine kubwa kama ng'ombe aliyelala, makamba ya chuma yakishuka gizani. Profesa akiwa chini alimwamuru kwanza azime swichi kuu na kuifunga kwa kufuli, kisha akaanza kuuliza: Unanusa nini? Kuna chuma kimeungua? Rangi gani? Gusa boksi kwa mgongo wa kiganja, siyo kwa vidole, mjinga wewe. Ndani ya dakika ishirini, bila kuona chochote, yule mzee alikuwa ameukuta waya uliolegea kwa kutumia macho ya mtu mwingine. Bi Majaribio alishuka akiwa na masizi usoni na hasira mpya. Profesa alikuwa mvivu, alikuwa mwongo, na alikuwa fundi kupita wote aliowahi kuwaona. Ilimkera kwamba mambo matatu hayo yanaweza kukaa ndani ya mwili mmoja.

Walikubaliana bila kupendana. Yeye alipanda, Profesa alifundisha, kwa matusi. Alipomaliza kozi alifanya mazoezi ya kazi chini yake mwaka mzima, akafanya mtihani wa leseni, akaufeli sehemu ya breki, akaurudia, akafaulu. Profesa alipoiacha kampuni ya yule kijana wa viatu, wakafungua chumba chao wenyewe, na jengo la kwanza kuwapa mkataba lilikuwa hospitali ya ghorofa tano. Mkataba wa miaka mitatu. Aliusoma mara mbili akitafuta neno majaribio, halikuwamo.

Hadithi ingeishia hapa kama maisha yangekuwa na adabu.

Mwezi wa tano, lifti kubwa ya hospitali, ile ya vitanda, ilianza kusimama juu kidogo ya usawa wa sakafu. Siku ile aliirekebisha breki mwenyewe. Profesa alikuwa amemwambia, pima ikiwa tupu, kisha pima ikiwa na mzigo. Alipima ikiwa tupu. Ikasimama sawasawa kabisa, na saa ilikuwa imekwenda, na alikuwa ameshaanza kujiona mtu anayejua. Akakusanya vifaa akaondoka. Mchana, wauguzi wawili wakasukuma kitanda chenye mgonjwa. Lifti ikateremka, ikapitiliza, ikasimama chini ya sakafu kwa kipimo cha kiganja. Muuguzi wa mbele akatoka kinyumenyume, kisigino kikagonga ile kingo asiyoitarajia, akaanguka. Mgonjwa hakupata kitu. Muuguzi aliteguka kifundo cha mguu, na chupa ya dawa ikapasuka ukumbini.

Walimwita. Katika ofisi ya mganga mkuu walikaa mganga mwenyewe, muuguzi mkuu, na yule muuguzi aliyeumia, mguu wake juu ya kiti, umefungwa bendeji. Kulikuwa na njia nyingi za kutokea. Lifti ni ya zamani. Kitanda kilikuwa kizito mno. Ni mambo ya kitaalamu hayo, hamwezi kuelewa. Maneno hayo yote yalipita kichwani mwake, na kwa kuwa alikuwa ametumia maisha yake kuwadharau watu wanaoyasema, aliyatambua yote kwa sura.

"Kosa ni langu," akasema. "Sikuipima ikiwa na mzigo. Nilipaswa kupima na sikupima."

Mganga mkuu alimkaripia kwa dakika tano nzima, mbele ya watu, kwa sauti ambayo wagonjwa wa korido waliisikia. Kila alilosema lilikuwa kweli.  Yule muuguzi alimtazama tu, na hilo ndilo lililokuwa gumu kupita kelele. Bi Majaribio alisimama akiwa ameshika mkanda wa mkoba wake wa vifaa. Aibu ilikuwa imemfikia hatimaye, mzimamzima, na hakufa. Masikio yaliwaka moto, lakini hakufa.

Usiku ule alimwambia mama yake kwamba ile kazi ni ya kipuuzi. Mama alikuwa akichambua mchele. "Haya," akasema, na akaendelea kuchambua, bila kuuliza zaidi.

Asubuhi alifika hospitali saa kumi na mbili na nusu. Profesa alikuwa ameshafika, kakaa kwenye benchi la ukumbini na magoti yake, pembeni yake mifuko kumi na miwili ya saruji kwenye toroli, ameiazima kwa mafundi ujenzi wa jengo la nyuma.

"Nilidhani hutakuja," akasema.

"Na mimi nilidhani hivyo."

"Nilikwambia mzigo. Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Kichwa kigumu kama chuma cha reli. Haya, pakia."

Walipakia saruji kwenye lifti, mfuko kwa mfuko, yeye akibeba na mzee akielekeza kwa kidole na kumtukana kila mfuko ulipowekwa upande usiofaa. Kisha alipanda ngazi mpaka juu ya paa, akafungua chumba cha mashine, akapiga magoti mbele ya breki na spana yake. Akakaza robo mzunguko. Akapiga kelele chini wapeleke lifti ghorofa ya tano na kuirudisha. Ikapitiliza, unene wa vidole viwili. Akasonya, akakaza tena.